Chevelle Yangu Sasa Ina Pedali Tatu

Nina Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, injini ya V8 350, iliyotoka kiwandani na giaboksi ya otomatiki. Mwaka jana niliishusha ile otomatiki nikaweka ya gia za mkono. Tangu hapo swali ni lilelile, liulizwe na wazee ninaokutana nao kwenye vituo vya mafuta hapa Ohio au na mjomba wangu wa Korogwe. Nilipompigia simu kumsalimia na kumpa habari, aliitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mjomba, wenzako wote wanaikimbia klachi. Wewe umeifuata ya nini?”

Naomba nimjibu hapa, kwa sababu siku ile muda wa maongezi uliisha.

Kwanza, sikufanya kwa ajili ya mwendo. Anayekwambia gia za mkono zitalifanya gari la namna hii likimbie zaidi hajawahi kusimama kando ya njia ya mashindano. Otomatiki za zamani za Kimarekani zilikuwa vyuma vya kweli. TorqueFlite 727 ya Chrysler ilibeba injini kubwa za Dodge na Plymouth, na kwenye robo maili ilikuwa ikimshinda dereva wa kawaida wa gia nne, maana mashine haikosei kubadili. Hata TH350 iliyokuwa kwenye gari langu haikuwa na kosa lolote. Niliitoa nzima, inafanya kazi.

Ila magari haya yana asili yake. Mwaka 1964 Oldsmobile walipolipa gari lao jina la 4-4-2, zile tarakimu zilikuwa na maana: kabureta ya midomo minne, gia nne za mkono, ekzosi mbili. Klachi ilikuwa ndani ya jina. Injini kubwa ndani ya bodi ya gari la familia, kisha dereva aachiwe kazi ya kuamua lini nguvu ile iingie na kwa kiasi gani. Ukiondoa uamuzi huo gari bado ni zuri, bado linanguruma, lakini mimi nilijihisi abiria aliyeshika usukani.

Na mimi nimelelewa na klachi. Baba alinifundisha kwa Land Rover 109 kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kona juu ya kona, bonde upande mmoja. Alikuwa akinisimamisha katikati ya mlima, anashuka, anaweka kiberiti nyuma ya tairi, anarudi kukaa. Niondoke bila kukiponda. Niliponda vingi. Siku niliyokikuta kizima sikuambiwa neno, baba alikiokota tu akakitia mfukoni. Hicho ndicho nilichokuwa nakikosa kila nilipowasha Chevelle.

Sasa, si kila gari liguswe. Hapa sitaki kuyumba. Malibu yangu si SS, lile toleo la michezo. Ni gari la kawaida la mtindo uleule, na watu waliyanunua kwa wingi kwenda nayo kazini. Kulibadilisha hakumnyang’anyi mtu historia. Lakini kama gari lako ni la nadra na bado lina giaboksi iliyozaliwa nayo, liache. Kuanzia 1968 viwanda vya Marekani vilikuwa vikipiga sehemu ya namba ya gari kwenye injini na kwenye giaboksi, na ile namba ikishaachana na gari, mara nyingi hairudi. Kwenye magari ya Chrysler angalia kile kibati cha chini ya boneti chenye kodi za kiwandani: D21 ni gia nne za mkono, D32 ni 727. Nimeona watu wakitafuta kibati cha bandia ili D32 igeuke D21. Huo ni wizi. Ukibadilisha gari, mwambie mnunuzi kwa mdomo wako mwenyewe kwamba umebadilisha.

Kazi yenyewe haiko pale watu wanapodhani. Wengi wanaulizia giaboksi, mkono wa gia, na kirungu cha kushika. Vinavyokula muda ni vidogo: pedali mbili badala ya ile breki pana, zedi-baa inayopeleka nguvu ya mguu kutoka kwenye pedali hadi kwenye klachi, na tundu lenye nyuzi ubavuni mwa injini la kushikia baa hiyo, ambalo kwenye injini nyingine halikutobolewa kabisa. Flaiwili, gurudumu zito ambalo klachi inalishika, inachukua nafasi ya ile sahani nyembamba ya otomatiki. Mwisho wa krankishafti, ile shafti kuu ya injini, panaingia bushi ya shaba. Mabomba ya kupoza oili ya otomatiki yanatolewa, matundu yake kwenye rejeta yanazibwa. Propela shafti sikuigusa, kwa sababu TH350 yenye mkia mfupi na Muncie, giaboksi ya gia nne za mkono niliyoifunga, zinakaribiana sana kwa urefu. Mwenye TH400, otomatiki iliyo kubwa zaidi, asitarajie bahati hiyo.

Kuna swichi moja ambayo naomba usiipuuze. Otomatiki haikubali kuwashwa ikiwa kwenye gia. Ukiitoa, waya wa swichi yake ya kuzuia unabaki unaning’inia, na mafundi wengi wanaunganisha ncha mbili basi. Maana yake mtoto akizungusha ufunguo gari likiwa kwenye gia namba moja, linaruka. Funga swichi kwenye pedali ya klachi. Ni kazi ya saa moja.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Gia ya kwanza ya TH350 ni 2.52, yaani injini inazunguka mara 2.52 ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Gia ya kwanza ya Muncie yangu, aina ya M20, ni 2.52 pia. Nikadhani gari litaondoka vilevile. Halikuondoka vilevile, lilikuwa zito kama limefungwa jiwe. Sababu ni kwamba otomatiki ina konveta, kile chombo cha oili kinachokaa mahali pa klachi, na konveta wakati wa kuondoka inazidisha nguvu ya injini, hadi karibu mara mbili. Klachi haizidishi chochote. Difu yangu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilikuwa 2.73, kwa hiyo 2.52 mara 2.73 ni chini kidogo ya 6.9, na kwa klachi unataka ukaribie 9 au zaidi. Kila taa nyekundu nilikuwa naunguza klachi. Nilibadili difu kuwa 3.31, ikafika 8.3, na gari likapumua.

Lakini difu hiyo ilileta deni lake. Gia ya nne ya Muncie ni moja kwa moja, hakuna ya tano, na kwenye barabara kuu kwa maili 65 kwa saa injini inazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika muda wote. Kwa safari ya Cleveland utachoka masikio. Ndiyo maana nikiulizwa leo nasema wazi: usinunue Muncie kwa sababu ya jina. Chukua TKX ya Tremec, gia tano. Gia ya kwanza 3.27 inaondoa gari kwa wepesi hata na difu ileile ya 2.73, na ukiwa na 3.31 ile ya tano ya 0.72 inaifanya injini izunguke kama mara 2,000 tu kwa mwendo uleule. Wapenzi wa asili watanuna. Wanune. Gari linaloendeshwa kila wiki linanipendeza kuliko lenye sehemu za enzi zake linalolala chini ya turubai.

Jambo la mwisho ni lile lililonigharimu. Belihauzi, kile kikombe cha chuma kati ya injini na giaboksi, lazima kikae katikati kabisa ya krankishafti. Fundi niliyempa kazi mara ya kwanza alikifunga bila kupima, na mimi sikuuliza. Baada ya wiki sita gia zikawa ngumu, ya tatu ikaanza kuchomoka yenyewe nikiachia mafuta, na tulipofungua bushi ya shaba ilikuwa imelika upande mmoja. Tukaweka saa ya kupimia kwenye flaiwili, tukazungusha injini kwa mkono kuona kikombe kimetoka katikati kiasi gani: saa ikasoma inchi 0.018. Kinachoruhusiwa ni 0.005. Dawa yake ni pini za mwongozo ambazo kitovu chake kimesogezwa pembeni, hivyo ukizigeuza zinakisogeza kikombe. Zangu zilikuwa zimesogezwa inchi 0.007, tukazigeuza taratibu hadi saa ikasoma 0.004. Pini mbili ndogo kuliko kidole, na bila hizo giaboksi nzima ilikuwa inaelekea kwenye chuma chakavu.

TH350 ipo gerejini, imemwagwa oili, imezibwa matundu na kufungwa turubai, na kikaratasi chenye namba ya gari. Siku Chevelle itakapoondoka mikononi mwangu itaondoka nayo. Na mjomba, ukija Desemba, kuna mlima mdogo nyuma ya nyumba yangu. Kiberiti nimeshanunua.