Kunyanyua Ngozi kwa Mawimbi ya Sauti Kunauma, Tuambiwe Mapema

Matangazo ya urembo yanayozunguka kwenye simu zetu hapa Dar yanasema kunyanyua ngozi ya uso bila kisu hakuumi, eti unakwenda mchana na kurudi kazini. Kurudi kazini, sawa. Kutouma, hapana.

Nilimsindikiza shoga yangu kwenye kliniki moja ya Mikocheni. Alipopakwa jeli shavuni alikuwa bado anapiga soga. Kichwa cha mashine kilipofika kwenye mfupa wa taya akanyamaza, akakunja vidole vya miguu, akafumbata pindo la khanga. Akaambiwa, "Vumilia dada, urembo una gharama." Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira haijaniisha.

Mashine ile hukusanya mawimbi ya sauti kwenye nukta ndogo ndogo ndani ya ngozi, kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5, na joto la pale hupita nyuzi 60. Joto hilo ndilo linaloushtua mwili utengeneze kolajeni mpya, yaani protini inayoikaza ngozi, kazi ya miezi miwili mitatu. Lazima utalisikia, hasa karibu na mfupa. Krimu ya ganzi huishia juujuu. Kwa hiyo mteja apewe dawa ya maumivu kabla, nguvu ya mashine ipunguzwe akiomba, apumzishwe. Tena maumivu makali ya ghafla yana habari ndani yake: pengine kichwa cha mashine hakijakaa vizuri kwenye ngozi, pengine kipo jirani na neva, yaani mshipa wa fahamu. Aliyekwisha kuambiwa avumilie, atasemaje?

Wekundu, uvimbe na maumivu ya kuguswa kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Linalotisha ni ganzi, au mdomo kwenda upande neva ya taya ikiguswa. Mara nyingi hali hurudi kuwa ya kawaida, lakini huweza kuchukua wiki kadhaa. Kwetu wenye ngozi nyeusi kuna nafuu, maana mawimbi haya, tofauti na leza, hayanyonywi na rangi ya ngozi. Ila mtu akiunguzwa kwa uzembe, doa jeusi hukaa miezi. Haya yote yasemwe kabla ya pesa kutoka mkononi.

Na mashine iwe imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, anayeishika awe daktari au asimamiwe na daktari, na mteja aondoke na namba ya kupiga usiku akiona mdomo umepinda.