Mtoto mgonjwa wa Kigoma anahitaji nauli kuliko picha yake kwenye simu zetu

Kila baada ya muda picha inapita kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kigoma: mtoto amevimba taya au tumbo, mama amempakata, chini yao namba ya kutuma mchango. Tunatuma elfu mbili, elfu tano, mwenye nacho elfu hamsini. Siku tatu baadaye picha imeshazama chini ya matangazo ya misiba na viwanja vinavyouzwa. Siwalaumu wanaotuma, maana watu wa hapa si wachoyo. Ila mchango wa namna hiyo unaisha wakati ugonjwa ndio kwanza unaanza.

Saratani ya damu ya aina inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Mwanzoni mtoto analazwa, baadaye anakwenda na kurudi kwa tarehe anazopangiwa. Ile ya taya, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda na mpaka leo inaitwa kwa jina lake, hukua haraka mno, lakini ikiwahiwa husikia dawa haraka vilevile. Huonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi, na malaria sisi tunaijua. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye saratani wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 3. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa duniani wapone.

Wengi wetu tunaamini kinachokosekana ni dawa tu. Lakini Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likishirikiana na hospitali tangu 2011 ili watoto wenye saratani watibiwe bila familia kulipa, na wazazi wanaotoka mbali wapate pa kulala. Hiyo ni kazi kubwa na inastahili kuungwa mkono. Shida ya mzazi wa kwetu inaanza kabla ya geti la hospitali. Reli ya kati kutoka stesheni yetu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Hospitali ya Bugando kule Mwanza ni karibu zaidi, lakini nako si pa kwenda na kurudi siku moja.

Mtazame mama huyo anapopanda gari alfajiri. Ana bahasha ya kaki yenye picha za eksirei na majibu ya vipimo, ameikunja ndani ya kanga isilowe. Mtoto yuko mgongoni, na kwenye mfuko kuna chupa ya uji. Nyumbani Kasulu amewaacha wengine watatu kwa bibi yao, na maharage yako shambani. Baada ya dozi za mwanzo uvimbe unapungua, mtoto anaanza kucheza. Nauli ya safari inayofuata haipo. Baba anasema, "Si ameshapona? Tusubiri tuvune kwanza." Ugonjwa ukirudi hapo unarudi na nguvu, na dawa ileile haifanyi tena kazi kama mwanzo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa yetu ingeokoa maisha, na hapa ndipo haifiki.

Na tunajua kuchangishana kwa muda mrefu! Harusi moja ya Mwanga hapa mjini kwetu ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi na mtu wa kuwapigia simu wanaochelewa. Miezi mitano watu wanakutana kila Jumapili. Nataka kamati hiyohiyo kwa mtoto mmoja: watu ishirini, kila mmoja na kiasi chake kidogo cha kila mwezi, mpaka daktari aseme matibabu yamekwisha. Nauli ya mama na mtoto, chakula cha njiani, na kitu kidogo kwa bibi aliyebaki na wajukuu. Picha isitumwe. Mtoto huyu anaweza kupona, akaenda sekondari, na hakuna anayetaka wenzake waikute sura yake ya siku zile kwenye simu zao.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo tusiisahau kwa sababu haina uvimbe wa kutisha. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka. Wanahitaji folik asidi, penisilini katika miaka ya mwanzo, kinga ya malaria, na wengi wangefaidika na haidroksiyurea, kidonge cha kila siku ambacho familia nyingi hukinunua mwezi huu na kukiruka mwezi ujao. Linaloniuma zaidi ni mama kuachwa kwa kuambiwa ugonjwa umetoka kwao. Mtoto hupata selimundu akirithi vinasaba vyake kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Watoto hawa, wa saratani na wa selimundu, wanakutana kwenye uhitaji wa kuongezewa damu. Chupa ya damu haikai zaidi ya wiki tano hivi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo mtoto wa saratani anayetoka damu puani huzihitaji, hudumu siku tano tu. Kituo cha kanda yetu cha Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, kiko Tabora, na wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba inapungua. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Kwa asiye na elfu mbili ya kutuma, mkono wake unatosha.

Ombi langu kwa viongozi wa misikiti ya Ujiji na makanisa ya Mwanga ni moja: kabla shule hazijafungwa, waiteni watu wa Damu Salama waje Ijumaa kwenu na Jumapili kwa wenzenu, na siku hiyohiyo undeni kamati ya mtoto mmoja mnayemfahamu.