Raporo ya kikao: tuandike nini, tuache nini?

Katika vituo vya Goma vinavyopokea watoto wenye usonji na watu walioumizwa na vita, kuna ubishi usioisha kati ya msimamizi na msaidizi wa kisaikolojia, yule tunayemwita APS. Msimamizi anafungua fishi, yaani karatasi ya kumbukumbu za kikao, na kusema haina kitu ndani. APS anajibu kwamba amepokea watu tangu asubuhi, na kwamba kila anapoinamia karatasi, mtu aliye mbele yake anajiona ameachwa peke yake. Wote wawili wana haki. Mimi nipo upande wa kuandika, lakini si kuandika kila tunachosikia, na katika mji huu tofauti hiyo inaweza kugusa usalama wa mtu.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka sita katika kituo cha Ndosho. Fishi moja inasema: “Leo alikuwa mkorofi, alikataa kazi, akajipiga. Tulimtuliza.” Nyingine, ya kikao hichohicho, inasema: “Saa tatu na dakika kumi nilimwomba atie vikombe kwenye beseni. Alijipiga kichwani kwa kiganja mara 4. Niliondoa vikombe. Aliacha kujipiga, akaenda dirishani.”

Fishi ya kwanza inatoa hukumu. Neno “mkorofi” linatueleza hasira ya aliyeandika kuliko tendo la mtoto, na “tulimtuliza” linaficha jambo tulilohitaji kulijua kuliko yote: tulifanya nini hasa? Kumkumbatia, kumpa biskuti, kumtoa nje na kumwondolea kazi ni mambo manne tofauti, na kila moja linamfundisha mtoto somo lake. Fishi ya pili haitaji sababu yoyote, lakini inaturuhusu kuitafuta. Vikombe viliondolewa, kujipiga kukakoma. Jambo hilo likirudi siku kadhaa, timu ina haki ya kushuku kwamba mtoto anajipiga ili aepuke kazi inayomlemea. Hapo tiba inageuka: badala ya kumkemea au kumbembeleza, wanamfundisha kuomba mapumziko kwa ishara ya mkono au kwa picha, na akiomba wanampa kweli. Fishi moja haitoshi kuthibitisha hayo. Fishi kumi zilizoandikwa kwa namna moja zinaweza kutosha.

Utaratibu huu wa kuandika kilichotangulia, tendo lenyewe na kilichofuata si mgeni katika tiba ya tabia. Mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley, Wamarekani watatu walioweka misingi ya fani hii, walidai kwamba njia ya kumsaidia mtu ielezwe wazi kiasi cha msomaji mwenye mafunzo kuweza kuirudia. Sharti hilo linatuhusu sana hapa Kivu. Mradi unaisha, mfadhili anaondoka, APS anapata kazi kwingine. Januari 2025 vita viliingia Goma, na wiki zilizofuata kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa. Familia zikatawanyika Masisi, Rutshuru, Bukavu na kwingineko. Mtoto aliyekuwa amejifunza kuomba mapumziko kwa picha akifika kituo kipya bila karatasi, watu wapya wanaanza upya, na huenda wakaanza kwa kumwondolea vikombe kila anapojipiga.

Pingamizi la kwanza ni wakati, na si la kupuuza. Chukua programu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+, iliyotengenezwa ili iendeshwe hata na wasaidizi wasio wataalamu: vikao vitano, kila kimoja dakika 90. APS mwenye watu wanne kwa siku ametumia muda wa saa sita kabla hajashika kalamu. Hapo ndipo fishi zinapojazwa Ijumaa jioni, zote kwa pamoja, na kila mgonjwa anageuka “anaendelea vizuri”. Kuhusu watoto, ipo njia nyepesi: kuchora vijiti, kimoja kwa kila tendo, kwenye kipande cha karatasi wakati wa kikao, kisha kuandika mistari michache mara tu mtoto anapotoka. Kwa mtu mzima anayelia, hata kijiti kimoja kinaweza kuwa kingi, na APS anayeweka kalamu chini wakati huo anafanya kazi yake sawasawa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: hesabu inaweza kudanganya huku ikiwa sahihi. “Mara 4” haisemi kwamba usiku kulisikika risasi, wala kwamba mtoto alikuja bila kula. Kwa hiyo fishi inahitaji mstari mmoja wa mambo ya nyumbani, yakitajwa kwa kinywa cha aliyeyasema: “Mama anasema hakulala.” Watu wazima wenye usonji huko Marekani na Uingereza wamelalamika kwamba rekodi za tiba ya tabia zilihesabu utiifu kuwa ndiyo mafanikio, na kukataa kuwa ndiyo ugonjwa. Nadhani wana haki. Mtoto anayesukuma kijiko ametuambia jambo. Fishi iandike alichokataa na kilichomfurahisha pia, la sivyo tutajikusanyia daftari za watoto watulivu wasio na raha.

Kisha kuna siri, na hapa ndipo wanaosema “andikeni kidogo” wana nguvu kuliko popote. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliofanyika Kivu ya Kusini na ya Kaskazini pamoja na wanawake walionusurika ubakaji. APS wa hapahapa Kongo waliendesha tiba ya kuchunguza fikra, vikao 12, chini ya usimamizi. Miezi sita baadaye, 9% ya waliopata tiba hiyo walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi, ikilinganishwa na 42% ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Kazi ya namna hiyo inataka msimamizi ajue kilichotokea chumbani, na yeye hakai chumbani. Bila fishi atasimamia nini?

Lakini mwanamke aliyenusurika akisimulia, anataja kijiji, sare, pengine jina la kamanda. Je, tiba inahitaji hayo kwenye karatasi? Inahitaji kujua kwamba alifanya zoezi la wiki, kwamba bado anaamini kosa lilikuwa lake, kwamba amerudi soko la Virunga alilokuwa akilikwepa. Jina la kamanda halimsaidii APS wa kesho. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 73, inamwadhibu mtu wa taaluma anayefichua siri aliyokabidhiwa, lakini kifungu hakiwezi kumzuia mwenye bunduki kufungua kabati.

Wapo watakaosema kwamba tukiacha majina tunawasaidia wahalifu, kwa kuwa kesi zinasimama juu ya karatasi. Hoja hiyo inaniuma, maana haki imechelewa sana huku kwetu. Hata hivyo cheti cha daktari kwa ajili ya mahakama na maelezo yaliyotolewa mbele ya OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, vina njia yake, na mwanamke mwenyewe huamua kuingia katika njia hiyo. Fishi ya tiba ikibeba simulizi nzima, wakili wa upande wa pili anaweza kuilinganisha na maelezo yake na kumwita mwongo kwa sababu tarehe hazilingani. Fishi iwe na namba badala ya jina, na orodha ya majina ikae pengine, chini ya ufunguo mwingine.

Lugha nayo inachangia fishi kuwa tupu. Kikao kinafanyika kwa Kiswahili, raporo inatakiwa kwa Kifaransa, na njiani maneno ya mtoto yanageuka sentensi ya kitabuni. Kifaransa kina faida: ndicho daktari wa hospitali kubwa atasoma mgonjwa akihamishwa, hata kama daktari huyo ametoka Kinshasa na hajui Kiswahili. Ningependa fishi ya kila siku iandikwe kwa Kiswahili, na muhtasari wa kuhamisha ndio uwe Kifaransa. Mama wa mtoto akisomewa “alijipiga mara 4 nilipomwomba atie vikombe”, anaweza kusema: nyumbani hafanyi hivyo, anafanya tu akikaa karibu na maji. Hakuna msimamizi angeligundua hilo.

Haya yote yanadai muda, na muda huo wasimamizi na wafadhili ndio wenye kuutoa. Anayetaka fishi kamili apunguze mtu mmoja kwenye orodha ya APS kila siku, aweke dakika kumi kati ya kikao na kikao kwenye ratiba, na azilipe kama sehemu ya kazi.