Kodi ya Mjomba

Mjomba wangu ni seremala pale Keko, Dar es Salaam. Kitanda chake cha mninga ukikiingiza chumbani ndiyo umehamia moja kwa moja, maana kukitoa kunahitaji vijana sita na kuomba Mungu. Mwaka 2022 nilimtengenezea tovuti kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti. Malipo tulikubaliana stuli mbili. Moja nilipewa siku ileile, ya pili nikaambiwa inasubiri vanishi.

Mimi kazi yangu ni steshenari: kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, kuwajazia watu fomu mtandaoni. Ila kwenye ukoo wetu ukishajua kuitoa karatasi iliyokwama kwenye printa, basi umekuwa mtaalamu wa kompyuta na huna pa kukimbilia.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Ukiandika "vitanda vya mninga Keko" tovuti yetu inatokea ya kwanza. Kwenye simu yangu. Baadaye sana ndiyo nilikuja kujua kwamba Google anaangalia ulipo na unachopenda kufungua, na mimi nilikuwa naishi jirani na Keko na kuifungua tovuti ile kama mtu anayechungulia sufuria ya maharage.

Balaa lilianzia kijiweni, kwenye kahawa. Jamaa mmoja akasema kwa sauti ya mtu mwenye cheti: "Kama hujaweka Google Analytics, hupandi. Google atampandishaje mtu asiyemjua?" Nilirudi nyumbani mbio. Nikaiweka hiyo Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wanaofungua tovuti, kwa kile kiprogramu cha nyongeza cha WordPress. Nikasubiri dakika tano, namba haikutokea. Nikaona huenda haijashika, nikanakili tena kodi yenyewe nikaibandika kwa mkono wangu. Ile ya kwanza sikuitoa. Mtu anayekunywa dawa mbili za malaria kwa pamoja atanielewa.

Asubuhi nikaenda bandani kutoa taarifa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba." Sisi tunaitana hivyo pande zote mbili.

"Nimekuwekea kodi ya Google."

Randa ikasimama katikati ya ubao. "Kodi? Mjomba, TRA nimetoka kulipa juzi. Huyu Google naye ofisi yake iko wapi?"

Nilitumia nusu saa kumweleza kwamba kodi hii hailipwi, ni maandishi tu ya kompyuta yanayohesabu wageni. Akaitikia, lakini kwa jicho la mtu anayejua kwamba kila kodi huanza hivyo hivyo.

Kisha zikaja namba. Kabla ya kuibandika ile ya pili, katika watu kumi waliofungua tovuti, saba walitazama ukurasa mmoja na kuondoka. Baada ya hapo? Wawili katika mia! Ukurasa uliokuwa unasomwa mara mia moja kwa wiki sasa unasomwa mara mia mbili. Nilimwonyesha mjomba grafu ikipanda kama bei ya nyama wakati wa sikukuu. "Watu wakiingia hawatoki," nikamwambia.

Mjomba ni mtu wa vitendo. Alichukua mbao kwa mkopo, akaongeza kijana wa kupiga msasa, vitanda vitano vikasimama ukutani vikisubiri wale watu wasiotoka. Wiki ya tatu akaniita.

"Hao wageni mia mbili wanaingilia mlango gani? Mimi nakaa hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi."

Nikarudi kijiweni kuomba ushauri mahali palepale nilipopotezwa. Safari hii jamaa mwingine, naye ana sauti ya cheti, akasema: "Umejimaliza. Hiyo Analytics ni kachero. Inampelekea Google siri zako, akiona huuzi anakushusha." Ilinigusa moyoni. Usiku huohuo nikang'oa kodi zote mbili. Na kwa kuwa hasira ilikuwa bado ipo, nikapekua mipangilio yote ya WordPress kutafuta wapi pengine kachero kajificha. Kwenye sehemu ya usomaji nikakuta kisanduku kinachosema, kwa maana yake, kwamba kinaziambia injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hii. Nikasema ndiyo hasa! Nikatia tiki, nikahifadhi, nikalala usingizi wa mtu aliyefunga komeo.

Baada ya wiki mbili tovuti haikuonekana ukurasa wa kwanza, wa pili, wala wa saba. Hata simu yangu, iliyokuwa upande wetu, ilitukataa.

Hapo ndipo nami nikapata sauti ya cheti. Nilihubiri kijiweni, dukani, hata msibani: "Jamani, ukishaweka kodi ya Google usiitoe. Mimi nimeitoa, kaninunia. Ushahidi ninao." Nikazirudisha kodi kwa adabu, zote mbili. Bado kimya. Nikasema kanuna sana huyu, atapoa.

Siku moja nahubiri dukani, yupo binti wa chuo anachapisha ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Akaniangalia, akaangalia kurasa zake zinavyotoka, akaona bora asaidie kuliko kusikiliza. "Kaka, hebu nione hiyo tovuti."

Kwanza akacheka, kwa heshima. Kasema Analytics ni kama daftari la wageni mlangoni. Linakuonyesha wewe nani kaingia. Roboti ya Google inayokagua kurasa kwa ajili ya utafutaji haiji kusaini daftari lako, na Google wenyewe wametamka mara nyingi kwamba namba za humo hawazitumii kupanga nani awe juu. Kuliweka hakukupandishi, kulitoa hakukushushi. Kama kodi ina madhara, ni uzito tu wa kuchelewesha ukurasa. "Na hata hapo, kaka, kodi haina kosa. Picha hii moja ya kitanda ina megabaiti sita. Google wanapenda kitu kikuu cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Chenu kinaanza ubao wa kichwani, miguu inafika mtu keshalala kwingine."

Wale wageni wasiotoka nao wakaeleweka: daftari mbili mlangoni, kila mtu anaandikwa mara mbili, kompyuta inadhani katazama kurasa mbili. Mia mbili ikawa mia. Na ndani ya mia hiyo, wengi walikuwa mimi, na mjomba, ambaye kumbe kila asubuhi hufungua tovuti kuvisalimia vitanda vyake.

Halafu akafika kwenye mipangilio. Akanyamaza. "Kaka, hii tiki aliweka nani?"

Nikamwambia WordPress siku hizi inajifanyia mambo yenyewe.

Aliitoa, akaomba ukurasa ukaguliwe upya kupitia Search Console, dirisha la Google la kuhudumia wenye tovuti, akapunguza picha. Sikumtoza hata shilingi ya ripoti. Baada ya siku tisa tulirudi: wa nne, kwenye simu yake, si yangu.

Nikaenda bandani kwa mjomba nikiwa nimevaa shati la pasi. Nikamwambia tumeonekana tena Google.

"Najua," akasema, bila kuacha kupiga randa. "Jana kaja mteja, kasema katuona humo humo. Vitanda kasema vikubwa, lakini ameondoka na stuli. Ile yako."