Ruth Simmons aliondoka akarudi, Wangari aliondoka akafungiwa mlango

Watu wa nyumbani wakisikia naishi Massachusetts, kwenye vyuo vya wanawake vinavyokaribiana kama nyumba za Kariakoo, huniuliza: hivi Marekani nako bado wana vyuo vya wasichana watupu? Wanavyo, ila vinapungua. Miaka ya 1960 vilikuwa zaidi ya 200, leo havifiki 40. Vingine vilianza kupokea wavulana, vingine vilifungwa, vingine vilimezwa, kama Mills ya California ilivyoingizwa Northeastern mwaka 2022. Kiongozi wa chuo huku huitwa rais. Kwa vyeo vya Tanzania ni sawa na makamu mkuu wa chuo, yule anayeendesha shughuli za kila siku. Njia wanayopita wanawake hawa kufika pale juu ndiyo inayonitoa usingizi, kwa sababu kila nikiitazama naiona ile ya kwetu ilipokatikia.

Kabla hamjaniambia nimeshakuwa mzungu, sikilizeni habari za Smith, chuo cha hapa Northampton. Kilifunguliwa 1875 kwa ajili ya wanawake, kikaongozwa na wanaume miaka mia moja. Mwaka 1917 rais wake alipoondoka, amidi Ada Comstock ndiye aliyekiendesha chuo mpaka mrithi alipopatikana, na bado wadhamini wakamnyima hata cheo cha kukaimu. Sababu? Mwanamke. Alikwenda zake, na mwaka 1923 akawa rais wa Radcliffe, chuo kingine cha wanawake. Smith yenyewe ilimpata rais mwanamke 1975, Jill Ker Conway, na huyo alikuwa mzaliwa wa Australia. Kwa hiyo hapa hakuna anayesimulia habari za peponi.

Aliyekalia kiti hicho mwaka 1995 ni Ruth Simmons, na huyu ndiye ninayetaka mmfahamu. Alizaliwa 1945 Grapeland, Texas, kitinda mimba katika watoto kumi na wawili, wazazi wakilima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Alisoma Dillard, chuo cha Weusi kule New Orleans, akapata nafasi ya kwenda mwaka mmoja Wellesley, chuo cha wanawake cha hapa Massachusetts. Huko alikuta chuo kizima kiko chini ya mwanamke, Margaret Clapp. Kwa msichana wa Texas ya wakati ule, hilo tu lilikuwa somo. Alihitimu 1967, na mwaka 1973 akapata udaktari wa Harvard katika lugha na fasihi za jamii ya Kilatini.

Sasa angalieni alivyohama. Chuo Kikuu cha New Orleans. Kisha California, Northridge. Kisha University of Southern California. Mwaka 1983 akaingia Princeton kama msimamizi, si profesa maarufu wa kubebwa na jina. Akaondoka kwenda Spelman, chuo cha wanawake Weusi kule Atlanta, akashika taaluma, nafasi ya pili kutoka juu. Hakukaa sana. Mwaka 1992 Princeton ikampokea tena, na safari hii kwa cheo kikubwa kuliko alichoacha. Miaka mitatu baadaye Smith ikamchukua, akaanzisha huko programu ya uhandisi, jambo ambalo chuo cha wanawake cha Marekani hakikuwa nalo. Mwaka 2001 akaenda Brown, mtu Mweusi wa kwanza kuongoza chuo cha kundi la Ivy League, vile vyuo vikongwe vyenye hadhi kubwa. Alistaafu, akaitwa tena kuongoza Prairie View kwao Texas.

Wasifu kama huo ukifika mezani kwa kamati ya ajira kwetu, najua maneno yatakayosemwa. Hatulii. Ana tatizo na wakubwa. Atatuacha tu. Kwetu mtu mwema ni yule aliyeingia kama mkufunzi msaidizi, akapanda daraja kwa daraja, na siku ya kumuaga wakahesabu miaka yake kwa makofi.

Mfano wa kwetu unaouma ni Wangari Maathai. Naye alipitia chuo cha wanawake Marekani. Mwaka 1960 alipelekwa na ule mpango wa ndege za wanafunzi hadi Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas, kwa masista wa Kibenediktini, akahitimu 1964. Alipata shahada ya pili Pittsburgh, akarudi Nairobi na barua ya kazi mkononi, akakuta nafasi kapewa mtu mwingine. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyempa mahali pa kuanzia katika anatomia ya wanyama. Mwaka 1971 akapata udaktari, wa kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati. Akawa mkuu wa idara, akawa profesa mshiriki. Kwa hatua hizo, mtu angeweza kumwona siku moja akiongoza chuo.

Mwaka 1982 alitaka kugombea ubunge. Sheria ilimtaka ajiuzulu kwanza, akajiuzulu. Kisha akaenguliwa kwa hoja ya daftari la wapiga kura. Akarudi chuoni kuomba kazi yake. Wakakataa, na nyumba ya chuo akatakiwa kuhama. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Rais Moi, yuleyule aliyekuwa mkuu wa nchi. Dunia ikampa Nobel 2004, na Chuo Kikuu cha Nairobi baadaye kikaweka jina lake kwenye taasisi. Hakuwahi kuongoza chuo.

Wawili hawa walitofautiana kwa mambo mengi: siasa, nchi, bahati. Lakini Simmons alikuwa na mahali kumi pa kubisha hodi, na mkubwa aliyekasirishwa naye huku hakuwa na simu ya kumharibia kule. Wangari alikuwa na mwajiri mmoja, ambaye pia alikuwa mwenye nyumba na mwenye serikali. Usomi wa kiwango gani unaweza kushinda hilo?

Msinijibu kwamba yale ni ya zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu Pius Msekwa mwaka 1970 mpaka Profesa Anangisye alipoteuliwa 2017, makamu wakuu wa chuo wote walikuwa wanaume, na mteuzi ni Rais wa nchi. Profesa Esther Mwaikambo aliongoza chuo, ndiyo, lakini ni Hubert Kairuki, cha binafsi. Kenya walitutangulia: Olive Mugenda alishika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini humo. Udaktari wake ni wa Iowa State. Na yeye alitoka nje akarudi.

Huwa nawafikiria pia wakuu wa shule zetu za wasichana. Mama Maria Kamm pale Weruweru aliendesha mabweni, mashamba, nidhamu, na wazazi wenye vyeo, kwa miaka mingi. Huku mwanamke mwenye rekodi kama hiyo angefuatwa na kamati za kusaka marais wa vyuo. Kwetu ngazi ya mwalimu mkuu inaishia hapohapo, na ya chuo kikuu inaanzia jengo jingine, kana kwamba kuongoza wasichana elfu moja ni kazi ya ulezi tu. (Wanaosema hivyo hawajawahi kulisha wasichana elfu moja.)

Kuna kitu cha huku nisichokitamani hata kidogo. Rais wa chuo cha wanawake leo ni mwombaji wa fedha. Nafanya kazi karibu na ofisi ya wahitimu, naona ratiba zao: chakula cha jioni na matajiri, simu kwa wajane, safari, barua za shukrani. Ada ya Smith inapita dola 60,000 kwa mwaka na bado haitoshi. Spelman ilipopewa dola milioni 100 Januari 2024, rais wake alikuwa Helene Gayle, daktari wa afya ya jamii aliyewahi kuongoza shirika la misaada la CARE, mtu anayejua kuzungumza na wenye fedha. Nadhani hilo halikuwa geni kwa waliomchagua. Na asiyezipata huona mambo: mwaka 2015 Sweet Briar ya Virginia ilitangaza kufunga, wahitimu wakaenda mahakamani na kuchanga ndipo ikapona.

Binti wa dada yangu ni mhadhiri nyumbani. Ameona tangazo la kazi Windhoek, ya ukuu wa idara, anaogopa wakubwa wake watasema ametoroka. Mama yake anamwambia atulie, pensheni iko karibu. Mimi nimemwambia aombe likizo bila malipo, kwa barua, apate mhuri wa mapokezi kwenye nakala yake, ndipo akate tiketi. Dada yangu hajanipigia simu tangu hapo.