Uzamivu ng'ambo: kuajiriwa na profesa au kudahiliwa na idara?

Anayetaka kusomea uzamivu wa sayansi nje ya nchi yake aghalabu huanza kwa kuchagua nchi, kisha jina la chuo. Naona hayo yote yanaweza kusubiri. La kuuliza mapema ni nani atakayekulipa, na kibali chako cha kuishi huko kitakuwa mikononi mwa nani siku ukishindwana naye.

Kwa sababu njia kuu, ukizichuja, ni mbili. Marekani, katika fani nyingi za sayansi, anayekupokea ni idara. Maombi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, jopo la walimu huyapitia kwa pamoja, na vyuo vingi vimekubaliana kumwachia mwombaji hadi tarehe 15 Aprili aamue kama anaupokea ufadhili aliopewa. Unaweza kuingia ukiwa na shahada ya kwanza tu. Katika programu nyingi za biolojia, mwaka wa kwanza unapita maabara mbili tatu, wiki kadhaa kila moja, ndipo uchague pa kubaki. Safari yenyewe ni ndefu, miaka mitano au sita.

Uholanzi, Uswidi, Denmark na Norwe, uzamivu ni kazi. Nafasi hutangazwa kama ajira nyingine, ikiwa na mada yake, maabara yake na msimamizi wake, na ukiipata unasaini mkataba wenye mshahara, likizo na pensheni. Uholanzi mkataba kwa kawaida ni wa miaka minne, Denmark mitatu. Matangazo hutoka mwaka mzima, mengi yakiwekwa kwenye tovuti ya EURAXESS, na kutuma maombi kwa kawaida hakugharimu kitu.

Kwa hesabu ya mfukoni, njia ya pili inashinda bila ubishi. Ada ya maombi Marekani mara nyingi hukaribia dola 100 kwa chuo kimoja, kwa hiyo anayejaribu vyuo vinane ametoa karibu dola 800 kabla hajajibiwa hata na kimoja. Msamaha wa ada upo, ila vyuo kadhaa huwapa raia na wakaazi wa Marekani tu. Ongeza mtihani wa Kiingereza. (Mtihani wa GRE, ule wa kupima utayari wa masomo ya juu, heri, programu nyingi za sayansi zimeuacha.)

Lakini mkataba mzuri unaweza kuwa mbuzi kwenye gunia. Nafasi iliyotangazwa mara nyingi imezaliwa na andiko la mradi ambalo profesa aliliandika zamani, akapata fedha, na sasa anatafuta mikono ya kuutekeleza. Swali la utafiti si lako. Unahojiwa kwa video mara moja au mbili, unasaini, unahama, na mtu uliyezungumza naye saa moja anakuwa bosi wako kwa miaka minne. Mwenyeji akishindwana na msimamizi ataumia, ila atarudi kwao na kutafuta maabara nyingine kwa nafasi. Mgeni ambaye kibali chake kimefungwa na mkataba huo huo anaanza kuhesabu siku. Ndiyo maana wageni wengi huvumilia yasiyovumilika, na wasimamizi wabaya wanalijua hilo.

Hapo ndipo idara inapokuwa na faida. Aliyekudahili si mtu mmoja, hivyo uhusiano ukivunjika kuna mlango wa kubisha: msimamizi mwingine, au kazi ya kufundisha itakayokulipa huku ukijipanga. Na ukiamua kuondoka katikati, programu nyingi hukupa angalau shahada ya uzamili. Kinga hiyo, hata hivyo, ina matundu. Mwaka 2025, fedha za utafiti za serikali ya Marekani zilipotikiswa, baadhi ya vyuo vilipunguza udahili na vingine vikafuta nafasi vilizokwisha kuwapa watu.

Ujerumani ina sura zote mbili. Kwa mtindo wa zamani unamtafuta msimamizi mmoja, ambaye Wajerumani humwita Doktorvater, yaani baba wa udaktari, na mkataba wake mara nyingi ni wa nusu au theluthi mbili ya muda ilhali maabara inakutarajia kutwa nzima. Pembeni yake zipo shule za uzamivu kama zile za taasisi za utafiti za Max Planck, zenye uchaguzi wa pamoja na kamati ya wasimamizi kadhaa. Kwa mtu wa nje ningesema ajaribu hizo kwanza.

Yapo pia masharti madogo yanayoua maombi mazuri. Uingereza ilifungua ufadhili wa UKRI, shirika la umma linalogharimia utafiti, kwa wageni mwaka 2021, lakini kwa kikomo cha asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Viza yake ya mwanafunzi ina tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa mbele kwa miaka yote. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, kwa kweli inampendelea anayehama: hutakiwi kuwa umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Aliyekwenda huko mapema kwa uzamili, akidhani anajisogeza karibu, anaweza kujikuta amejifungia nje.

Na zile barua pepe mia ambazo waombaji huwatumia maprofesa mia? Kwenye programu ya kuzunguka maabara, profesa kwa kawaida hana uwezo wa kukuchukua peke yake, kwa hiyo ukimya wake si lazima uwe dharau. Kwa mtindo wa zamani wa Ujerumani, barua ndiyo mlango wenyewe, lakini iwe fupi, itaje jambo mahususi katika kazi yake, na iulize kama ana fedha za kumchukua mtu mwaka ujao.

Uamuzi wangu unafuata umefika wapi. Mwenye uzamili na swali linalomkosesha usingizi asipoteze miaka sita; atafute ajira inayolingana na swali hilo. Aliye na shahada ya kwanza na bado anajikagua anahitaji idara, hata kama ada zitamuuma.

Kwa wote wawili, waliomo kwenye maabara hawatakuambia kila kitu kuhusu msimamizi, maana bado wanasubiri barua ya mapendekezo kutoka kwa huyo huyo. Pitia makala zake za miaka kumi iliyopita. Utaona jina la mwanafunzi aliyeandika moja ya mwanzo, kisha halionekani tena. Mwandikie huyo, umwombe dakika 20 za simu, kabla ya kusaini.