Kubana matumizi kwenye glavu?

Mwandishi mmoja ameandika kwamba hospitali za kaunti huku Kisumu na majirani zetu zitatoka kwenye madeni zikibana matumizi. Sawa, zibane wapi? Nimeuguza mtu mwaka huu (hospitali siitaji jina) na kilichobanwa kilikuwa glavu. Muuguzi alinituma nivuke barabara nikanunue pakiti kwenye duka la dawa, na spiriti juu yake. Wodini watu walilala wawili wawili kitandani. Hapo aliyeletwa na mguu anaondoka na kifua.

Pesa hiyo haijaokolewa. Kidonda cha upasuaji kikitunga usaha, mgonjwa anakaa zaidi, anapewa antibiotiki za bei, bili inapanda. Akishindwa kulipa anazuiliwa, ingawa Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015, kwenye kesi ya akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwamba kumfungia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kukiuka haki zake. Yaani anadaiwa kwa ugonjwa aliopewa humo humo!

SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ikichelewesha malipo hospitali inaumia, hilo sibishi. Lakini sheria ya 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya badala ya kuzipeleka hazina ya kaunti. Basi kabla ya kupaka geti rangi, bodi ya hospitali ibandike ukutani, pale kwenye foleni ya kadi, ni shilingi ngapi zimeenda kwa sabuni, maji na kufua mashuka. Tutasoma tukisubiri, muda tunao.